Kabla hujamtukana skauti, tafuta daftari

Usiku wa drafti ya NFL mwaka 2017 nilikuwa sebuleni kwa shemeji yangu hapa Chicago, sahani ya pilau mapajani. Kwa wasioufuatilia mchezo huu, futiboli ya Kimarekani: timu 32, raundi saba, na iliyofanya vibaya zaidi ndiyo inayotangulia kuchagua vijana kutoka vyuoni, kwa ripoti za maskauti, yaani wasaka vipaji wake. Bears wetu, timu ya Chicago, walikuwa wa tatu. Ghafla tukasikia wamebadilishana na San Francisco wapande nafasi moja tu, wawe wa pili. Kwa nafasi hiyo moja wakawapa San Francisco chaguo la raundi ya tatu, la raundi ya nne, na la raundi ya tatu la mwaka uliofuata. Kisa? Mitchell Trubisky, kwotabeki, yaani mrusha mpira anayeongoza mashambulizi, aliyeanza mechi 13 tu chuoni North Carolina.

Shemeji aliweka kijiko chini. Mimi nilipiga kelele hadi mtoto wake akaamka. "Hawa maskauti wanalipwa kwa kazi gani?"

Yaliyofuata mnayajua. Patrick Mahomes, kwotabeki mwingine wa drafti ile ile, alikwenda Kansas City nafasi ya 10, na msimu wa 2018 akawa mchezaji bora wa ligi. Trubisky aliondoka Chicago baada ya misimu minne. Nikatembea kifua mbele miaka mingi: si niliwaambia?

Shida ni kwamba nilikuwa nimeandika. Nyuma ya bahasha ya bili ya umeme, kabla drafti haijaanza, niliorodhesha niliowataka, na bahasha hiyo niliikuta baadaye kwenye droo nikitafuta betri za rimoti. Jina la kwanza: Solomon Thomas wa Stanford. Ndiye hasa San Francisco waliyemchukua kwa ile nafasi ya tatu tuliyowaachia, na hakuwahi kuwa nyota tuliyemtarajia. Mahomes hayumo. Hata kwa mbali hayumo. Na pembeni, kwa mwandiko wa mtu aliyechoka, nilivyoongeza Bears walipomchukua beki mmoja raundi ya nne: "Eddie Jackson, mguu mbovu, wa nini?" Alikuwa amevunjika mguu msimu wake wa mwisho Alabama. Mwaka 2018 Jackson huyo aliingia kikosi cha kwanza cha wachezaji bora wa ligi nzima.

Basi ushauri wangu ni huo: andika. Jina moja, si matano, na kabla chaguo halijatangazwa. Ukiandika matano utapata la kujitetea tu.

Tena uliza unamtukana nani. Skauti huzunguka vyuoni na kuandika ripoti. Uamuzi ni wa meneja mkuu, na mwaka ule alikuwa Ryan Pace. Huenda kuna skauti aliyepiga kelele kuliko mimi, humo humo ndani. Halafu kila mwaka vijana hukusanywa Indianapolis, madaktari wa timu wakawakagua magoti na mabega. Mimi mguu wa Jackson niliuhukumu kwa video ya dakika tatu.

Na hili la Mahomes nalo tusilifanye rahisi. Kule alikaa benchi karibu msimu mzima nyuma ya kwotabeki Alex Smith, chini ya kocha Andy Reid. Trubisky wetu aliingizwa uwanjani wiki ya tano, na msimu ulipoisha kocha aliyemwingiza akafukuzwa. Angekuja Chicago, angekuwa Mahomes yuleyule? Shemeji anasema ndiyo. Tumegombana hadi chai ikapoa.

Sisemi tunyamaze. Klabu ilikosea, na tulilipia sisi, Jumapili baada ya Jumapili. Lakini sasa shemeji amenunua daftari la shule, safu yake kushoto, yangu kulia, na kila mmoja anatia sahihi. Mtunzaji ni yule mtoto niliyemwamsha. Hakubali mtu afute kitu.