Mwenzetu wa Chuo Anasoma Ujumbe Wetu Wala Hajibu

SWALI

Bi Mshauri, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kisauni, Mombasa. Tulimaliza mafunzo ya ualimu Shanzu mwaka 1993, kila mmoja akaenda alikopangiwa, na kwa miaka mingi tukapotezana. Mwaka jana mwenzetu mmoja alifungua kikundi cha WhatsApp, na wengi wetu tumepatikana humo. Tumekubaliana kukusanya habari za kila mmoja, yaani ndoa, watoto, kazi, makazi, nani anaugua na nani ametangulia mbele ya haki, tuzichapishe katika kijitabu, kisha tukutane mwezi wa Desemba huko Likoni, ambako mmoja wetu ana ukumbi.

Lakini yuko mwenzetu mmoja, mtu wa bara, ambaye nilikuwa nikikaa naye dawati moja. Alipangiwa shule Likoni na akafundisha huko mpaka ghasia za Agosti 1997, alipoondoka na mkewe na mtoto mchanga, na tangu siku hizo hakuna kati yetu aliyemwona. Ameingizwa kikundini miezi mingi sasa. Anasoma kila ujumbe, hajibu hata salamu. Baadhi ya wenzangu wanasema anajiona, na wanataka aulizwe mbele ya wote au atolewe. Nifanye nini?

Mwalimu, Kisauni

JIBU

Marahaba, mwalimu. Kwanza nakuomba uwazuie wenzako wasimuulize chochote mbele ya watu, na wasimtoe. Mtu asiyewataka angekwisha kujitoa mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyemfunga humo. Huyu anasoma, tena anasoma kila kinachoandikwa, na mimi naona anawasikiliza ajue kama mngali wale aliowaacha.

Nasema hivyo kwa sababu ya mwaka ulioutaja. Usiku wa 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari wakauawa, na yaliyofuata yaliwaangukia zaidi watu wa bara: nyumba na vibanda vyao vilichomwa, vikaratasi vya kuwataka warudi makwao vikasambazwa, na maelfu wakakimbilia kwenye kanisa Katoliki la Likoni. Mwaka uliofuata iliundwa tume chini ya Jaji Akiwumi kuchunguza mapigano ya kikabila nchini, haya ya Likoni yakiwamo, lakini tume haimrudishii mtu miaka yake wala majirani wake. Mwenzenu alikuwa kijana aliyeanza kazi juzijuzi, akatoka na mtoto mchanga mkononi, na kwa maelezo yako hakuna hata mmoja wenu aliyemtafuta.

Siwalaumu bila kuzijua hali za wakati ule. Simu za mkononi zilikuwa za wachache sana, na barua ya mwalimu ilipitia sanduku la posta la shule, kwa hiyo aliyeondoka shuleni aliiacha na anwani yake. Walimu wengi wa rika lenu walipotezana kwa njia hiyo hiyo, hata pale ambapo hapakuwa na ghasia yoyote, kwa uhamisho tu. Hata hivyo, fikirini upande wake. Kwenu kimya kilianza mwaka jana, alipoingizwa kikundini akakosa kujibu. Kwake huenda kilianza 1997, nanyi ndio mlionyamaza.

Wewe uliyekaa naye dawati moja ndiye unayepaswa kumpigia simu, usimwandikie, mpigie. Chagua saa ambayo huna haraka. Usianze kwa kumuuliza sababu ya kutojibu, wala usimwambie kwamba kikundi kinamngojea. Mpe habari zako wewe, na usimchagulie zile nzuri peke yake: ulihamishiwa wapi, ulimzika nani, ni mtoto yupi anayekunyima usingizi. Nyote mmekwisha kuukaribia umri wa kustaafu, ambao kwa mwalimu wa serikali ni miaka 60, na walimu wawili wakianza kuzungumzia hilo peke yake saa nzima huwapita. Mambo ya Likoni usiyachokoze. Ila kabla hamjaagana, mwambie kwa maneno ya wazi kwamba ulipaswa kumtafuta zamani na hukumtafuta, kisha usiongeze udhuru. Akinyamaza, mvumilie. Akikwambia hataki kuandika kitu kikundini, mkubalie na uendelee kumpigia, kwa sababu shabaha yako ni yeye, si idadi ya watakaohudhuria mkutano.

Ukumbi wa Likoni uacheni, hata kama mmepewa bure. Sina shaka na nia njema ya mwenye ukumbi, na Likoni ya leo ina watu wa makabila yote, lakini si haki kumwalika mtu aje ale pilau na kupiga picha mahali alipotoka akikimbia. Kutaneni Shanzu kwenyewe, karibu na chuo, ambako kila mmoja wenu ana kumbukumbu za ujana na hakuna atakayelazimika kuvuka feri. Wanaotoka Nairobi wana treni ya SGR tangu mwaka 2017, ingawa kituo chake kiko Miritini, mbali kidogo na Shanzu, hivyo pangeni nani atawapokea. Wahini mwanzoni mwa Desemba, shule zikiwa zimekwisha kufungwa, kwa maana Krismasi ikikaribia nauli hupanda na nafasi hujaa.

Hicho kijitabu nacho kinanitia wasiwasi kwa namna mnavyotaka kukikusanya. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imeweka afya ya mtu, hali yake ya ndoa, mali yake na majina ya mwenzi na watoto wake katika fungu la taarifa nyeti, na hayo karibu yote yamo kwenye orodha uliyonitajia. Hata sheria isingekuwapo, ningesema vivyo hivyo. Aliyeachika, aliyefukuzwa kazi, aliyekosa mtoto, aliyelemewa na madeni, kila mmoja wao atasoma orodha hiyo akaona pengo lake limechapishwa. Basi msimwandikie mtu habari zake. Mpeni kila mmoja ukurasa wake aujaze apendavyo kwa mkono wake, na asiyetaka aachwe bila kuulizwa mara ya pili. Ugonjwa wa mtu usiandikwe na mwingine hata kidogo. Waliokaribu na mgonjwa wamtembelee.

Waliofariki ni jambo jingine, na hapa ningependa mtumie nguvu zaidi kuliko kwenye mapambo ya ukumbi. Msichapishe jina la marehemu kwa habari ya kusikia. Nendeni kwa jamaa zake, mtoe taazia hata kama miaka imepita, muombe ruhusa yao, na mkiwa na picha za chuoni mchukue nakala muwape. Watoto wa wenzenu hao sasa ni watu wazima. Waalikeni Shanzu wakae nanyi mchana huo, kwa sababu wako ambao hawajawahi kusimuliwa mzazi wao alikuwa mtu wa namna gani alipokuwa na miaka 20, na wanaoweza kuwasimulia ni nyinyi.