Muulize Mhandisi: Mtu wa Amu na Hesabu za Magari

Mwezi uliopita mhariri alinitambulisha kwenu kwa mstari mmoja, kwamba mimi ni mtafiti wa uhandisi wa usafiri. Mstari huo umezaa barua nyingi. Baadhi zinaniomba niwatengenezee injini. Hizo nimeziweka kando, maana injini siijui kuliko mnavyoijua nyinyi.

Asalaam aleikum Bi Mhandisi. Wewe ni mzawa wa Amu (Lamu) kama sisi, na magari ya kisiwa hiki ni ya kuhesabu kwa vidole. Uliyaona wapi hata ukayasomea mpaka udaktari?
*Mama wa Watatu, Langoni*

Wa aleikum salaam, dadangu. Magari sikuyaona. Niliona punda.

Baba alikuwa na punda sita, akipakia mchanga na mawe kutoka ufuoni hadi kwenye nyumba zilizokuwa zikijengwa Mkomani. Alilipwa kwa safari, na kila jioni yeye na mwenye nyumba walikosana kuhusu idadi. Nilipotimiza miaka minane nilipewa kipande cha chaki nikaketishwa barazani. Punda akipita na shogi, ile mifuko ya mzigo ya mgongoni, zimejaa, napiga mstari ukutani. Mstari wa tano unaikata ile minne. Ugomvi ukaisha, ingawa mwenye ukuta alikuwa na lake la kusema.

Siku zilivyokwenda nikaona jambo ambalo sikuambiwa na mtu. Siku ambazo punda wawili walikuwa wagonjwa, wale wanne waliobaki walimaliza kazi mapema kuliko sita. Usita wetu, kile kinjia chembamba kati ya nyumba, unaujua: punda wawili wenye shogi hawapishani. Aliyejaa akikutana na mtupu, mmoja sharti arudi kinyumenyume, na punda harudi nyuma kwa kuombwa. Nikamwambia baba. Alicheka, lakini kesho yake akawapandishia usita mmoja na kuwashushia mwingine, na sita wakawa sita kweli. Miaka mingi baadaye, mhadhiri wetu Nairobi alipoanza somo la barabara za upande mmoja, nilicheka peke yangu mpaka akaniuliza kulikoni.

Shule zote nilisomea Lamu. Kisha Chuo Kikuu cha Nairobi, uhandisi wa ujenzi, miaka mitano ya zege, mabomba ya maji taka na udongo. Usafiri ulikuwa kipande kidogo tu cha masomo hayo, nami nikakishikilia. Nikaenda Leeds, Uingereza, kwa shahada ya uzamili, nikabaki kwa uzamivu.

Uzamivu wangu ulitokana na kosa. Nilirudi likizo nikasimama Malindi kando ya barabara, na buibui langu na fomu niliyokuja nayo kutoka Leeds. Fomu ilikuwa na safu ya baiskeli, pikipiki, gari dogo, basi, lori, na ya mwisho imeandikwa "vinginevyo". Kufika adhuhuri, safu ya "vinginevyo" ilikuwa imejaa hadi pembeni mwa karatasi na zile nyingine zina nafasi tele. Zote zilikuwa tuktuk! Watu wa fani yangu hugeuza kila chombo kuwa sawa na magari madogo kadhaa: basi huhesabiwa kama mawili au zaidi, pikipiki chini ya moja. Tuktuk je? Ukiitazama umbo, ni ndogo. Ila inasimama popote inapopungiwa mkono, na ikisimama, walio nyuma yake husimama pia. Nilitumia miaka minne kutafuta tuktuk moja inakula barabara kiasi gani. Mama yangu alipoulizwa na majirani mwanawe anasomea nini Ulaya, alijibu, "Bajaji," na mazungumzo yakaishia hapo.

Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tatu. Nataka kuwa kama wewe. Nisome nini?
*Mwanafunzi, Mpeketoni*

Marahaba, mwanangu. Hisabati, fizikia na kemia usiziache. Digrii ya kwanza ya usafiri peke yake ni nadra kuipata. Wengi huingilia mlango wa uhandisi wa ujenzi, kisha hujisajili na Bodi ya Wahandisi wa Kenya kama mhandisi mhitimu, na kufanya kazi chini ya waliotangulia kabla ya kuitwa mhandisi kamili. Ni safari ndefu, na miaka ya kwanza utavaa viatu vya tope zaidi ya vya ofisini.

Lakini mlango si mmoja. Daniel McFadden, Mmarekani, alianza na digrii ya fizikia akaishia kuwa mwanauchumi. Miaka ya 1970, San Francisco ilipokuwa ikijenga reli mpya ya abiria, utabiri rasmi ulisema asilimia 15 ya wasafiri wangeitumia. McFadden na wenzake waliwauliza watu wa kawaida wanakwendaje kazini, wanalipa nini, wanangoja dakika ngapi, wakayaingiza majibu hesabuni waone namna mtu anavyochagua. Jibu lao lilikuwa asilimia 6.3. Treni zilipoanza, wakahesabiwa: 6.2. Mwaka 2000 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Kwa hiyo ukiona takwimu inakupendeza kuliko zege, usijione umepotea njia.

Bi Mhandisi, mimi ni dereva wa tuktuk Malindi. Jioni hatuendi wala haturudi. Si wapanue barabara tu, yaishe?
*Dereva, Maweni*

Kaka, pole. Nawe umo kwenye fomu yangu, kwa hiyo tusemezane vizuri.

Miaka ya 1930 mhandisi mmoja, Bruce Greenshields, alitega kamera kando ya barabara huko Ohio, Marekani, akapiga picha moja baada ya nyingine apate kujua magari yanakwenda kasi gani na yamesongamana vipi. Aliona kuwa kila yanavyozidi kusongamana, mwendo unashuka karibu kwa mstari ulionyooka. Hilo hata kondakta analijua. Linalowapita wengi ni hesabu inayofuata. Tuseme barabara ikiwa tupu unakwenda kilomita 60 kwa saa, na zikifika gari 120 katika kilomita moja hakuna linalosogea. Zikiwa 60 katika kilomita, mwendo ni 30. Zidisha, gari 1,800 zinapita kwa saa. Zikiongezeka hadi 90, mwendo ni 15, na zinazopita ni 1,350. Barabara ina vyombo vingi zaidi, lakini wanaofika nyumbani ni wachache. Nikiichora hesabu hii ubaoni, wanafunzi wangu huona mstari uliopinda. Mimi huwaona punda sita wa baba.

Sasa, kupanua. Mwaka 1968 Mjerumani Dietrich Braess, mtu wa hisabati, alionyesha kwamba unaweza kuongeza barabara mpya kwenye mtandao wa barabara na safari ya kila mtu ikawa ndefu kuliko mwanzo, kwa sababu kila dereva anachagua njia inayomfaa yeye, na wote wanakutana pale pale. Sisemi Malindi isijengewe barabara. Nasema kabla ya kumwaga lami, twende kwanza tukasimame pale mnapopakia abiria. Tuktuk mbili zikisimama njiani sambamba zimekwisha kufuta njia nzima ambayo serikali iliijenga kwa mamilioni. Uchongeni ukingo wa barabara mita chache ndani, penye kivuli, pawe steji yenu, na msimame humo. Najua utaniambia abiria hatembei hadi steji. Abiria wa Malindi kweli ni mvivu, nimemhesabu. Lakini akijua tuktuk haisimami kwingine, atafika.

Lami yetu ikipasuka, wengine wanasema mvua, wengine malori. Nani mkosa?
*Msomaji, Hindi*

Wote wawili, ila lori ndilo linalompasulia mvua mlango. Kati ya 1958 na 1960, karibu na Ottawa, jimbo la Illinois huko Marekani, zilijengwa barabara za majaribio na wanajeshi wakazizunguka kwa malori usiku na mchana ili zivunjike. Zikavunjika. Somo lake ndilo tunalolitumia mpaka leo: uzito ulio juu ya ekseli (mhimili unaobeba magurudumu) ukizidi mara mbili, uharibifu unazidi takriban mara 16. Ongeza mzigo kwa sehemu ya tano tu, na lori limekula barabara maradufu. Ekseli ya tani 10 ukiilinganisha na ya gari dogo yenye nusu tani, hesabu inafika 160,000 kwa moja. Ndiyo maana mwenye gari dogo anayelaumiwa kwa mashimo huwa namtetea. Lami ikishapata nyufa, maji huingia chini, udongo hulegea, na mlichokuwa mkikiita ufa mnakiita shimo.

Na msidhani elimu hii yote inatoka ng'ambo. Kati ya 1971 na 1974 maabara ya barabara ya Uingereza, pamoja na serikali yetu na Benki ya Dunia, ilifuatilia barabara za hapa Kenya, za lami na za changarawe, kuona zinavyochakaa na magari yanavyogharimika juu yake. Hesabu zilizotoka humo zikawa msingi wa programu ambazo Benki ya Dunia ilikuja kuzitumia kupima miradi ya barabara katika nchi nyingine. Nilikwenda kuzisoma Leeds nikakuta ni vumbi la kwetu.

Tumekuona jetini na karatasi zako asubuhi tatu mfululizo. Unatuhesabia nini? Kodi?
*Mfanyabiashara, Mokowe*

La, bwana, kodi si yangu. Nahesabu subira.

Mashua na boti za Mokowe kwenda Amu hungoja zijae. Chukua boti ya watu 20, na abiria mmoja anatokea kila dakika mbili. Wa kwanza atakaa dakika 38, wa mwisho ataruka ndani na kuondoka. Kwa wastani, kila mtu amengoja 19. Boti ya watu 10 ingempa wa kwanza dakika 18, na wastani ni 9. Sasa tazama nani huwa wa kwanza: ni yule mzee mwenye miadi ya hospitali, aliyeamka kabla ya alfajiri asichelewe. Kuwahi kwake ndiko kunakomkalisha. Nikilitazama jambo hili moyo huniuma, ndiyo maana nimesimama pale na karatasi.

Nilimwonyesha nahodha mmoja hesabu hii nikiwa na furaha ya mtu aliyevumbua moto. Akaisoma vizuri, akanirudishia karatasi. "Mwalimu," akasema, "hizo dakika kumi zako zitaninunulia petroli ya safari ya pili?" Maana boti ya watu 10 inavuka bahari ile ile. Nimejaribu kuzigawa nauli kwa namna tatu na hakuna iliyomtosha. Wiki ijayo narudi na ya nne: boti moja tu ndogo, saa za asubuhi pekee, inayoondoka kwa saa iliyotajwa, imejaa haikujaa, na boti nyingine zichangie petroli yake. Ukiniona, uje unisaidie kuwashawishi, maana wewe wanakujua.

Na wewe mwenyewe, unaendesha gari?
*Mdadisi, Malindi*

Leseni ninayo. Gari ni la mume wangu, na ameniwekea sharti moja: tukikwama njiani, nisimtajie Greenshields.