Taa ya buluu na saratani ya kinywa: majibu kwa maswali yenu

Ni kweli kuna taa inayoonyesha saratani mdomoni wakati wa upasuaji?

Ipo. Ni mwanga wa buluu, nanomita 400 hadi 460. Utando wa ndani ya mdomo wenye afya ukimulikwa hung'aa kijani hafifu, penye seli zilizoharibika panakuwa peusi. Ila uvimbe wa kawaida, damu, hata weusi wa asili wa fizi navyo huonekana vyeusi. Kliniki ikikwambia "taa imeonyesha saratani", ondoka. Jibu hutoka kwenye kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama ya kidonda, kilichosomwa kwa hadubini.

Daktari akikata kwa kufuata taa hiyo, saratani hairudi?

Hurudi. Madaktari wa Kanada walianza na utafiti ambao wagonjwa hawakugawanywa kwa kura, ukaonyesha faida kubwa mno. Hawakuridhika, wakafanya jaribio la COOLS, lililochapishwa 2020: wagonjwa zaidi ya 400, nani akatwe kwa mwanga wa kawaida na nani kwa taa ya buluu ikaamuliwa kwa kura. Saratani ilirudi kwa kiwango kilekile pande zote mbili. Muuzaji akikuonyesha matokeo ya kwanza tu, mwulize ya pili. Kumbukeni pia kwamba taa hiyo huona juu ya utando tu. Uvimbe wa ulimi huzama kwenye misuli, na huko chini ndiko kisu hupita karibu nao mno.

Na rangi ya kudungwa mshipani ili saratani ionekane?

Hii ina matumaini zaidi. Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wamejaribu panitumumab, dawa ya saratani ya aina ya kingamwili (protini inayonasa seli fulani), iliyoungwa na rangi inayong'aa kwa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Hunasa kwenye seli za saratani, na mwanga wake hupenya milimita kadhaa. Nyama iliyokatwa humulikwa palepale, na upande unaong'aa sana ndio wa kutiliwa shaka: daktari hurudi kukata mgonjwa akiwa bado mezani. Lengo ni milimita 5 za nyama safi kuzunguka uvimbe. Bado ni utafiti, msiuziwe kama tiba.

Nina kidonda ulimini miezi mitatu, nisukutue na nini?

Swali hili linarudi kila mara! Wiki mbili zikipita hakijapona, nenda ukatolewe kinyama. Miezi mitatu? Nenda kesho asubuhi.

Natafuna kuberi, sivuti sigara. Niko salama?

Hapana. Kuberi ni tumbaku ya kutafuna, nayo husababisha saratani ya kinywa, na popoo peke yake, bila tumbaku, ilitangazwa na IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, mwaka 2004 kuwa kisababishi pia. Acha, na usimpe mtoto tambuu yenye popoo.