Michezo mingi sekondari haiui kipaji

Kwa aliyeuliza kama kucheza michezo mitatu sekondari kunaua kipaji: mtazame mwanariadha wa Marekani, Jackie Joyner-Kersee. Pale sekondari ya Lincoln, East St. Louis, alicheza kikapu, wavu na riadha, kisha chuo kikuu cha UCLA wakamchukua kwa udhamini wa kikapu! Olimpiki ya Los Angeles 1984 msuli wa paja ulimsumbua, akakosa dhahabu ya heptathloni (mashindano ya michezo saba ya riadha, pointi zikijumlishwa) kwa pointi 5 tu. Kwenye mita 800, mchezo wa mwisho kati ya hiyo saba, pointi hizo ni kama theluthi ya sekunde. Seoul 1988 akamaliza viunzi kwa sekunde 12.69, akaruka umbali wa mita 7.27, jumla pointi 7,291. Rekodi hiyo ya dunia imedumu miongo mitatu na zaidi. Mwaka 2004 akaingizwa kwenye orodha ya magwiji wa riadha Marekani, tena kwa haki kabisa.