Unajifungua kipindi cha baridi? Anza na sweta, blanketi lisubiri

Dada uliyeuliza, umesema mtoto anakuja katikati ya baridi, unajua kufuma kidogo, cherehani unayo na umeshaanza blanketi zito la uzi mnene. Mimi nimewafumia wanangu na watoto wa ndugu zangu, na ningekuwa wewe hilo blanketi ningeliweka pembeni kwanza nianze na sweta za kufunguka mbele.

Kichanga hapati joto zuri kwa kitu kimoja kizito, anapata kwa nguo nyepesi zilizopandana, maana ile hewa inayobaki katikati ya nguo ndo inashika joto, na mkiingia ndani penye joto unamvua moja tu mambo yanaendelea. Kadirio ninalotumia ni nguo moja zaidi ya ulizovaa wewe, halafu mguse kisogoni au kifuani, sio viganja, viganja vya kichanga vinakuwa vya baridi hata akiwa yuko sawa kabisa.

Sweta ya kuvalia kichwani mtoto mdogo anaichukia na wewe utaichukia. Ya vifungo mbele unaitandaza kitandani, unamlaza juu yake, unapitisha vidole vyako mkononi mwa sweta kuanzia kwenye pindo, unakamata kangumi kake unakatoa taratibu, basi, hajalia. Fuma ile inayoanzia shingoni kushuka chini, akirefuka unafumua pindo, unaokota vitanzi na kuongeza. Na usifume saizi ya kuzaliwa jamani, fuma ya miezi 3 hadi 6 na mikono uikunje, wanakua haraka mno. Vifungo shona kwa uzi imara halafu vivute kwa nguvu kila baada ya kufua, kikilegea kitaishia mdomoni.

Uzi chukua sufu laini kama merino, yaani manyoya laini ya kondoo, au uzi wa pamba, soma lebo kama unaingia kwenye mashine, maana sufu ya kawaida ukiifua na maji ya moto na kuisugua inasinyaa na kugandamana hairudi tena. Ile ya manyoya manyoya achana nayo, yananyonyoka. Fuma kwanza kipande cha sm 10 kwa 10, ukifue vile utakavyofua nguo yenyewe, ndo upige hesabu ya vitanzi. Na vitambaa vya pamba ni hivyohivyo, fua kabla ya kukata.

Soksi na glovu zigeuze ndani nje kabla hujamvalisha, kata kila uzi unaoning'inia, uzi mmoja ukijizungusha kwenye kidole cha mtoto unakata damu isipite na hawezi kukwambia zaidi ya kulia.

Kofia, kichwa cha kichanga kina mzunguko wa kama sm 35, fuma pungufu kidogo ili ivutike na kushika. Kamba za kufunga kidevuni hapana. Ni ya nje tu hiyo, akilala ndani ivue, joto likimzidi kichwani ndo pa kulitolea.

Sasa blanketi. Mpaka afike mwaka 1 halali na blanketi la kulegea, linaweza kumfunika uso, kwa hiyo hapo cherehani yako ndo ifanye kazi, shona mfuko wa kulalia usio na mikono wala kofia, zipu mbele, shingo iwe ndogo kiasi kwamba kichwa hakizami ndani. Chini acha nafasi ya kurusha miguu.

Hilo la kwako limalizie polepole, litafaa kwenye gari, mfunge mikanda kwanza akiwa na sweta yake kisha umfunike kwa juu, sio jaketi nene chini ya mikanda maana mikanda inabaki imelegea hata kama unaona imekaza. Ukikwama kugawa vitanzi vya mabega andika hapa unene wa uzi na namba ya sindano zako, nitakupigia hesabu.