Maswali ya wachoraji chipukizi: kutoka penseli hadi malipo

Wiki hii nimechagua maswali manne ya vijana wanaotaka kuchora vitabu vya watoto.

Sina kompyuta wala tableti. Naweza kuanza?

Unaweza. Penseli, kalamu ya wino mweusi usiochujuka na karatasi nzito vinatosha. Mchoro ukikamilika peleka steshenari ukaskaniwe, na uwaambie waweke dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi. Ukiwaachia wenyewe wanaweza kuweka ndogo ili kazi iende haraka, na kitabuni mistari yako itatoka na ukungu. Usipige picha kwa simu, kivuli chako kitaingia. Tena ongeza milimita 3 za rangi kila upande, zipite ukingo wa ukurasa, maana kisu cha mchapaji kinachopunguza kingo hakina huruma.

Nimejaza daftari sura za wanamuziki maarufu. Mbona wachapishaji hawanijibu?

Kwa sababu sura ya mwanamuziki haiwasaidii. Wanamtaka mtu atakayemchora Asha ukurasa wa 2 amelala, wa 7 anakimbia, wa 15 analia, na msomaji asisite kwamba ni Asha yule yule.

Hapo ndipo nilipoumbuka mimi. Katika kitabu changu cha kwanza nilimvika mvulana shati la mistari, kufika katikati nikaisahau mistari. Siku ninawasomea watoto wa darasa la pili, mmoja akanyoosha kidole: "Huyu ni pacha wake?" Tangu hapo naanza na karatasi moja ya mhusika peke yake: mbele, ubavuni, mgongoni, kimo chake akisimama mlangoni, nywele zilivyosukwa. Naibandika ukutani mpaka kazi iishe.

Chukua hadithi fupi ya Sungura na Fisi uichore kurasa nane mfululizo. Na uchore ulichokiona, si unachodhani. Naletewa michoro ya mama muuza vitumbua akiwa na kikaango bapa, kama cha chapati! Kakae naye asubuhi. Utaona chuma chenye vishimo, mafuta yanavyodondoshewa kila kishimo, na kijiti anachogeuzia bila hata kutazama. Mtoto anayevila kila siku atakubaini mara moja.

Mteja anataka nimchoree bure, eti nitapata jina.

Muulize kama mchapaji naye anachapa ili apate jina. Kubalianeni kwa maandishi, hata WhatsApp: michoro mingapi, rafu, yaani mchoro wa awali, inarekebishwa mara ngapi (kwangu mbili, ya tatu inalipiwa), na nusu ya fedha kabla hujaanza. Taja pia michoro itatumika wapi. Aliyelipia kitabu hajalipia fulana. Hapa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi yako tangu unapoiumba, hata kabla hujafika COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kuisajili. Lakini ukisaini karatasi iliyoandikwa "haki zote", ndugu yangu, umeuza zote.

Lazima nipite chuo cha sanaa?

Hapana. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968, Dar es Salaam, kwa rangi za mafuta juu ya hadibodi, na hakuwa na cheti cha sanaa. TaSUBa, chuo cha sanaa pale Bagamoyo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanafundisha. Ukipata nafasi, nenda. Ila ukiomba kazi kwangu usitangulize cheti. Tanguliza zile kurasa nane za Sungura.