Nilituma Saa Nne Usiku

Wiki iliyopita kijana mmoja aliyeajiriwa karibuni kuwa mkufunzi msaidizi katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam aliniandikia: "Shikamoo Dokta. Nimepewa darasa kubwa kwa mara ya kwanza. Niwasiliane nao kwa WhatsApp au kwa barua pepe?" Nilimwitikia marahaba na kumwahidi jibu refu, kwa sababu swali lake liligusa kidonda ambacho mpaka leo hakijapona sawasawa.

Ninaandika nikiamini kwamba wewe unayesoma ni mwenzangu katika kazi hii, au unaiwania: unataka kumaliza uzamivu, kupanda cheo, na kutajwa vizuri na wanafunzi hata ukiwa hupo. Tamaa hiyo nilikuwa nayo, tena kubwa. Mwaka wa kwanza baada ya uzamivu nilikabidhiwa somo la lazima lenye wanafunzi 310, na kwa kuwa wakati ule kundi moja la WhatsApp halikupokea zaidi ya watu 256, nililazimika kufungua makundi mawili. La kwanza lilijaa siku ileile. La pili likabaki la wale waliochelewa kusajiliwa, wengi wao wakiwa wamekosa hosteli na kupanga vyumba Mbagala, Kibamba na Gongo la Mboto. Wenzangu walikuwa bado wakibandika matangazo ubaoni, nami nikawaona watu wa zamani.

Siku moja, jioni ya kuamkia jaribio lililopangwa kufanyika saa nane mchana, niliarifiwa kwamba ukumbi umechukuliwa kwa shughuli nyingine na kwamba nafasi iliyobaki ni ya saa mbili asubuhi. Nilikuwa kwenye foleni ya Ubungo, magari hayasogei. Nilipofika nyumbani nilioga, nikala, na saa nne usiku nikaandika tangazo katika kundi la kwanza, kisha nikamwomba kiongozi wa darasa alipeleke katika kundi la pili. Kumbe alikuwa ameishiwa bando tangu magharibi. Ombi langu alilikuta asubuhi, tukiwa tayari mlangoni mwa ukumbi, akaniambia kwa unyenyekevu kwamba wenzake hawana habari. Nilimjibu kwamba mtu mzima hutafuta habari zake mwenyewe, nikagawa karatasi.

Zaidi ya wanafunzi 50 hawakuwapo. Saa saba mchana niliwakuta wameketi ngazini, madaftari mapajani, wakijikumbusha. Msichana mmoja aliniamkia na kuuliza kama ukumbi ni uleule. Nikamwambia jaribio limekwisha, na kwamba mimi nilituma. Neno hilo nililirudia kwa kila aliyekuja ofisini kwangu, nikalirudia katika maelezo yangu ya maandishi baada ya kuwapa wote sifuri na wao kukata rufaa. Mkuu wa idara aliniuliza swali moja tu: "Ulimtumia nani?" Sikuwa na jibu. Nilitunga jaribio jipya, nikasahihisha upya, na barua ya onyo ikasomwa mbele ya kikao cha idara. Kosa lilikuwa langu, sibishi. Lakini kusomewa barua mbele ya watu ambao nao walikuwa na makundi yao yenye vurugu zilezile, hilo sijalisamehe. Tangu siku hiyo kuna wanaoniita Dokta Nilituma, na jina hilo nimelisikia kantini hata mwezi huu.

Kwa hiyo, kijana wangu, nakujibu hivi. Jambo lolote ambalo mwanafunzi anaweza kulikatia rufaa liandike kwa barua pepe ya chuo, kwa anwani zao zote, lenye tarehe, saa, ukumbi na jina la somo katika mada ya barua, ili hata mtu asiyekufahamu akiisoma baada ya mwaka aelewe nini kiliagizwa. Ujumbe wa simu uwe wa kuwashtua tu kwamba kuna barua. Na ujumbe huo usiwe wa WhatsApp peke yake, kwa sababu mwenye kitochi naye amelipa ada. Ujumbe mfupi wa kawaida una nafasi ya herufi 160, nazo zinatosha kabisa kwa saa na ukumbi. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari zilipokatika na nchi ikabaki ikihangaika, tangazo langu la Jumatatu liliwafikia wanafunzi kwa ujumbe mfupi wa kawaida, nami nakiri kwamba nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Alama usiziweke katika kundi kamwe. Niliwahi kusambaza orodha nzima ya majina na matokeo, nikidhani ninaharakisha kazi, na jioni ile aliyeshika mkia alijitoa kundini kimya kimya. Sasa ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, lakini hata kabla yake aibu ilitosha kunifundisha. Namba za simu nazo ni taarifa: unapomwingiza msichana katika kundi la watu mia tatu, umempa kila mmoja wao namba yake. Ukituma barua pepe kwa wengi, weka anwani zao kwenye nakala fiche (Bcc), ili mmoja asione anwani ya mwenzake.

Kuna jambo ambalo wenzangu wanaume hawapendi nilitaje. Mhadhiri anayechati na mwanafunzi wa kike saa sita usiku, hata kama ni kuhusu rasimu ya utafiti, anajichimbia shimo. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na mazungumzo ya simu huchapishwa yakawekwa mezani. Rasimu ijadiliwe kwa barua pepe, mchana. Na nawe usisome ujumbe wa wanafunzi kitandani. Waambie tangu wiki ya kwanza kwamba unajibu hadi saa kumi na moja jioni, kisha ushike neno lako, maana siku utakayomjibu mmoja saa tano usiku, darasa zima litajua kabla hakujakucha.

Nilimtumia kijana yule haya yote kwa barua pepe, kama inavyostahili. Alinijibu juzi, kwa WhatsApp, kwamba ameisoma na anashukuru, ila kiongozi wa darasa alikuwa ameshafungua kundi, na yeye mwenyewe aliingizwa humo bila kuulizwa, saa nne na nusu usiku.